Tunachangishwa ulinzi, lakini hatushirikishwi

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi pembezoni mwa Dar es Salaam, na nimeingia kwenye kamati ya mtaa, upande wa ulinzi na usalama. Watu walikuwa wanavunjiwa milango mara kwa mara, kwa hiyo mtaa umeanzisha ulinzi shirikishi. Tuliitwa mkutanoni tukaambiwa kila kaya itoe shilingi 3,000 kwa mwezi, tukaonyeshwa vijana wanane wa doria wakiwa wameshapatikana. Nusu ya watu hawatoi. Wiki iliyopita vijana hao walimpiga virungu muuza chipsi aliyekuwa anarudi kwake saa saba usiku, eti hakujieleza vizuri. Mwenyekiti anasema wananchi walishirikishwa, maana mkutano ulifanyika na karatasi ya mahudhurio ipo. Nifanye nini ili watu washirikishwe kweli? Au nijiuzulu tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na muuza chipsi, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja mkutano ujao, ila yeye hawezi. Kama hajaenda kituoni, nenda naye leo. Aripoti, apewe PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, daktari aandike alichokiona mwilini kabla uvimbe haujashuka. Usimwache aende peke yake, na asiongozane na mtu yeyote wa kikundi kile kwa jina la kusuluhisha. Mkishakuwa na RB, yaani namba ya taarifa yenu kituoni, mkononi ndipo habari ya kusameheana inaweza kuzungumzwa, tena akitaka mwenyewe. Watakuambia unauaibisha mtaa. Waambie mtaa uliaibika usiku ule.

Sasa tuje kwenye swali lako. Nimekuwa afisa maendeleo ya jamii kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, nimekaa kwenye vikao vya kata visivyohesabika, na sikumbuki muhtasari hata mmoja ambao haukuandikwa kwamba wananchi walishirikishwa. Mimi nina kipimo kimoja tu. Muulize mwenyekiti, kwa heshima, mkutano ule ulibadilisha nini? Mchango uliingia mkutanoni ukiwa 3,000 ukatoka 3,000. Vijana waliingia wanane wakatoka wanane. Saa za doria zilikuwa zimepangwa na zikabaki vilevile. Basi mlitaarifiwa. Kutaarifiwa nako kuna faida yake, ila karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba watu walikuja, haithibitishi kwamba waliamua lolote.

Ukitaka kujua jambo hili lilivyokuwa kabla halijawa la ofisini, rudi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, bunduki zimezagaa, na wezi wa mifugo wanaingia zizini wakiwa na silaha. Wasukuma na Wanyamwezi, kuanzia pande za Kahama, wakajipanga wenyewe. Wakachagua ntemi wao, wakagawana zamu, wakaweka namna ya kuitana kijiji kwa kijiji mwizi akipita. Ndiyo sungusungu hiyo. Aliyekesha porini ndiye mwenye ng'ombe, na aliyemchagua kiongozi ndiye aliyeweza kumwondoa. Serikali ilikuja nyuma: mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa, sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata, na mwaka 1990 Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akaihimiza hadi Dar es Salaam. Hapo mjini ikageuka. Mwenye hela akalipa asikeshe, asiye nayo akashika rungu. Mwaka 2006, chini ya Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema, ikaja Polisi Jamii, na jina la ulinzi shirikishi likashika. Jina zuri, ila mitaa mingi ilichukua ulinzi, ule ushirika ikauacha ofisini kwa mtendaji.

Lakini usidhani nakuambia mambo ya zamani yalikuwa safi. Sungusungu haohao, kwa kauli moja ya mikutano yao, waliwaandama vikongwe kwa tuhuma za uchawi. Kwa hiyo usije ukadhani kazi yako ni kuwapa watu wengi sauti tu. Watu wengi wakiwa na hasira wanaweza kukubaliana jambo baya sana kwa kunyoosha mikono. Yapo ya kuamuliwa na mkutano, na yapo ambayo mkutano hauna mamlaka nayo kabisa. Nitayafikia.

Anza na lile ambalo mkutano wenu haukuuliza: watu wanaogopa nini, wapi, saa ngapi? Usiulize mbele ya watu mia mbili. Kaa na makundi madogo. Wanawake wanaotoka alfajiri, siku yao. Wenye maduka, yao. Wanafunzi wa sekondari. Bodaboda wa kijiweni, ambao kwa maoni yangu wanaujua usiku wa mtaa kuliko polisi yeyote. Wazee. Chukua karatasi ya manila, chora barabara, msikiti, kanisa, shule, bomba la maji, halafu mpe kila mtu kalamu aweke alama pale anapopita akiwa na roho mkononi, na aandike saa.

Mara nyingi utaona kitu kinachoshangaza. Mwenye nyumba ataweka alama mlangoni kwake, saa nane usiku. Mama anayewahi samaki Feri ataweka alama kwenye kichochoro cha kwenda kituoni, saa kumi na nusu alfajiri. Binti wa kidato cha tatu ataweka kwenye pagale, saa kumi na mbili jioni, na pengine hatakuambia kwa nini mpaka wengine watoke. Kisha tazama ratiba ya doria. Nimeona mitaa mingi ikizunguka kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi, yaani saa za mwenye nyumba. Mlinzi anakwenda kulala dakika thelathini kabla ya mama wa samaki kufungua mlango. Wala si njama ya mtu. Ratiba ilipangwa na wenye nyumba, wakaulizana wao kwa wao.

Baada ya ramani, tembeeni. Njia hii ya wanawake kukagua mitaa yao kwa miguu iliandaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1989, na isikutie hofu kwamba ni ya ugenini: Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa majiji ya kwanza ya Afrika kuingia kwenye mpango wa Miji Salama wa Umoja wa Mataifa, mwishoni mwa miaka ya 1990, na Manzese wanawake walifanya ukaguzi wa namna hiyohiyo. Nendeni kumi au kumi na wawili, saa ileile ya hofu, si mchana. Mchukue mtendaji, na mkaguzi wa polisi wa kata akikubali, lakini yeye atembee nyuma. Kila mahali simameni muulizane: hapa nikipiga kelele nani atasikia? Nikikimbia nitatokea wapi? Taa hii imezimika tangu lini? Aandike mmoja, kwenye daftari la kawaida.

Mtarudi na orodha, na sehemu kubwa ya orodha hiyo haitahitaji mlinzi. Pagale linahitaji mwenye kiwanja aitwe azibe milango kwa matofali. Kichaka kinahitaji panga na Jumamosi moja. Kichochoro kinahitaji nyumba nne ziache taa ya nje ikiwaka. Hapo kwenye taa watu hubisha sana, kwa hiyo nenda na hesabu. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku inakula uniti tatu na ushee za LUKU kwa mwezi, yaani chini ya nusu ya huo mchango wenu wa 3,000. Mpe mwenye nyumba achague alipie nini. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza anaamua.

Yanayobaki baada ya hapo, ambayo kweli yanataka macho ya watu usiku, ndiyo kazi ya doria. Huenda mkagundua hamuhitaji vijana wanane wa saa sita hadi saa kumi. Mnahitaji wanne wa jioni na wanne wa alfajiri.

Kuhusu nani anakuja mkutanoni. Jiji la Chicago, Marekani, lilianza mwaka 1993 kuita mikutano ya polisi na wakazi mtaa kwa mtaa. Watafiti waliofuatilia waligundua kwamba waliohudhuria zaidi walikuwa watu wazima wenye nyumba zao, na Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walikuwa wachache sana ukilinganisha na idadi yao. Kwetu mahali pa Walatino amekaa mpangaji. Nimesikia kwa masikio yangu mpangaji akiambiwa akae kimya, "wewe ni wa kuhama kesho". Si kweli hata kisheria. Mkazi wa mtaa mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria mkutano wa mtaa, kusema na kupiga kura, awe na hati ya kiwanja au analala chumba kimoja na jiko la mkaa mlangoni. Na mpangaji naye anaibiwa, tena mara nyingi hana ukuta wala geti. Msiite mkutano saa tisa alasiri siku ya kazi halafu mkalalamika kwamba vijana hawaji.

Kisha kuna vijana wa kijiweni, wale ambao nusu ya mtaa inaamini ndio vibaka wenyewe. Waite nao. Najua unaguna. Tangu habari za Panya Road, yale makundi ya vijana waporaji, zitikise jiji, kijana mwenye kaptura na rasta akikaa kwenye tofali ni mtuhumiwa. Lakini ukiwaacha nje ya mazungumzo wataendelea kuwa watu wanaozungumziwa tu. Kwenye kikao kimoja nilichokiendesha, kijana wa kijiweni ndiye aliyesema waziwazi mali ya wizi inauzwa kwa nani. Hakutaja jina, alisema "duka la spea", na mtaa mzima ukajua. Jambo hilo lisingetoka kwa mzee yeyote pale.

Hapohapo weka mpaka. Mikutano ya usalama isiwe ya kutaja majina. Utasikia mtu akipendekeza kura ya siri, kila mtu aandike mhalifu anayemjua. Serikali iliwahi kutumia kura za namna hiyo mwaka 2009 kutafuta wauaji wa watu wenye ualbino, na tangu hapo wazo hilo halijaisha ladha vichwani mwa watu. Mtaani kura ile inakuwa pa kulipia visasi: mke mwenza, mdai, aliyegombea mpaka wa kiwanja. Kenya nao walipochukua Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana, mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, wengi waliiona kama mpango wa kuwachungulia majirani, na mtu akihisi anachunguliwa haongei tena. Mwenye jina la mtu na ushahidi aende kituoni au apige 112. Mkutano uzungumze mahali, saa na tabia.

Pesa nitazipitia haraka kwa sababu hazina siri. Mtaa hautungi sheria ndogo. Anayetunga ni halmashauri ya manispaa. Kijiji kinaweza kutunga, tena kwa idhini ya halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo mchango mliokubaliana mkutanoni ni makubaliano, si kodi, na mtendaji hana ruhusa ya kumnyima mtu barua ya utambulisho mpaka alipe hela ya ulinzi. Mchezo huo unachezwa sana na unawachukiza watu kuliko wizi wenyewe. Kinachowafanya watoe ni stakabadhi na ubao. Kila mwisho wa mwezi bandikeni nje ya ofisi: zimeingia ngapi, kalipwa nani, zimebaki ngapi. Mtunza fedha asiwe ndugu wa mwenyekiti. Basi.

Ila fanya hesabu moja mbele ya watu. Chukua mfano wa mtaa wa kaya 400, nusu wanatoa: ni shilingi 600,000. Gawa kwa vijana wanane, kila mmoja anapata 75,000 kwa mwezi kwa kukesha. Kwa pesa hiyo mmempata nani? Na akikutana na muuza chipsi saa saba usiku, mwenye mauzo ya siku nzima mfukoni, mnategemea nini? Simtetei aliyempiga. Nasema mtaa ulijua unanunua nini.

Sasa lile nililosema mkutano hauna mamlaka nalo. Mwananchi, na mlinzi wa mtaa ni mwananchi, anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, na akishamkamata anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumhoji usiku kucha kwenye ofisi ya mtaa hakumo. Kumpiga hakumo. Kumtoza faini hakumo. Kuingia kwenye nyumba ya mtu kupekua hakumo. Katiba, Ibara ya 13(6), inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mtu mwenye hatia kabla haijathibitika, na inakataza kumtesa mtu au kumpa adhabu ya kumdhalilisha. Mkutano wa watu elfu moja wakinyoosha mikono yote miwili hauwezi kufuta hilo. Na kutembea saa saba usiku si kosa. Watu wanaotembea saa hizo ni wale ambao kazi yao inaisha saa hizo: wauza chipsi, wauguzi, walinzi, wahudumu wa baa, makonda wa daladala.

Mkutano unachoweza ni kuandika masharti ya walinzi na kuyasoma kwa sauti, wao wakiwepo. Watembee wawiliwawili, au zaidi. Wavae reflekta yenye namba kubwa mgongoni, ili aliyeonewa asihitaji kujua jina la mtu. Wapate mafunzo ya polisi kabla ya kuanza, na msidanganywe na gwaride la kufunga mafunzo, ambalo mara nyingi ni zuri kuliko mafunzo yenyewe. Wawe na daftari la doria: nani alikuwa zamu, walimsimamisha nani, saa ngapi, wapi, ikawaje. Na muhimu zaidi kwangu, malalamiko yasipelekwe kwa mwenyekiti aliyewaajiri. Chagueni watu watatu wasio viongozi, angalau wawili wanawake, namba zao za simu zibandikwe ubaoni. Mlinzi akipiga mtu, anasimama kazi siku hiyohiyo huku polisi wakiendelea na yao. Kama kikundi kina wanaume watupu, tafuteni wanawake nao. Kuna mambo binti hatamweleza mwanaume mwenye kirungu hata siku moja, na kituoni mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto.

Limebaki polisi, na hapa ndipo hasira nyingi za mtaani zinapozaliwa. "Tunawakamata, kesho yake wako kijiweni." Umelisikia mara ngapi? Watu wanaamini mtuhumiwa amenunua njia ya kutoka, na wakiamini hivyo mara tatu, mara ya nne hawampeleki kituoni, wanatafuta tairi. Wakati mwingine kweli kuna rushwa, na TAKUKURU wana namba yao, 113. Lakini mara nyingi maelezo ni mepesi, na hakuna aliyekuja kuyatoa. Polisi hawaruhusiwi kukaa na mtu zaidi ya saa 24 bila kumpa dhamana au kumfikisha mahakamani. Makosa mengi yana dhamana, na dhamana si kuachiwa huru. Halafu kesi inaitwa, mlalamikaji haji. Inaitwa tena, shahidi kasafiri. Hakimu afanyeje? Anaifuta. Mtaa ule unaopiga kelele kwamba wezi wanaachiwa ndio uliokataa kwenda kutoa ushahidi.

Kwa hiyo mwombeni mkaguzi wa polisi wa kata aje kila mkutano, si kutoa nasaha za "tushirikiane", bali kutoa hesabu: tangu mkutano uliopita mlituletea watu wangapi, wangapi wamefikishwa mahakamani, kesi ngapi zimefutwa na kwa sababu gani. Hahitaji kutaja majina. Akija mara mbili mfululizo na hesabu hiyo, utaona mkutano unavyobadilika. Mtaa mmoja ulifika mahali ukaanza kuchangia nauli ya shahidi kwenda mahakamani kutoka kwenye mfuko wa ulinzi, na sijaona matumizi bora zaidi ya fedha hizo. Akikataa kuja, muandikieni mkuu wa kituo kupitia mtendaji wa kata, nakala mbaki nayo. Ibara ya 146 ya Katiba inazitaja serikali za mitaa kuwa zina wajibu wa ulinzi wa wananchi, kwa hiyo hamuombi hisani.

Kuhusu kujiuzulu: usijiuzulu sasa. Nenda kwa mwenyekiti kabla ya mkutano ujao, mkiwa wawili tu, asisikie mipango yako mbele ya watu akadhani unamtafutia kiti. Mwombe mambo mawili: mtembee usiku mmoja na wanawake kumi, na masharti ya walinzi yasomwe mkutanoni na watu waruhusiwe kuyabadili. Yote mawili hayamgharimu hata shilingi, na akiwa na akili atajipatia sifa nayo. Mwachie sifa hizo. Akikataa, tembeeni bila yeye, halafu mkutanoni uombe kusoma daftari. Uwe umeshamuuliza muuza chipsi kama anapenda kisa chake kisomwe, na kama hapendi, ukiruke.

Baada ya mkutano huo niandikie tena, uniambie kilichobadilika. Kama ni hakuna, hapo ndipo tutazungumza habari ya kujiuzulu.